Shimo la Ethi la Waitara

Kijiwe chetu kiko Turwa, pale njia inapokata kona kuelekea mashambani, na benchi letu ni nguzo ya umeme. Sitanii. Watu wa laini walipomaliza kazi mtaani walibakiza nguzo moja, wakailaza kando ya barabara, wakasema wataifuata, na sisi tukaikalia ili isiibiwe. Mwaka wa pili huu tunailinda. Adero anauza kahawa hapo, kahawa ya kweli iliyolimwa milimani kwetu Tarime, si ile ya kopo. Mimi naziba pancha za baiskeli ng'ambo ya mfereji, kwa hiyo kila upuuzi unaosemwa pale nausikia hata nisipotaka. Mara nyingi nataka. Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa nane, vumbi jekundu limelala mpaka juu ya majani ya migomba, na kijiwe kizima kilikuwa kinamngoja fundi umeme.

Fundi alikuwa wa Waitara. Waitara huyu sisi tunamwita Duara, maana tangu ana miaka kumi na tisa kazi yake ni kuingia na kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Rashi, ile mbio ya kukimbilia dhahabu mpya, ikilipuka Nyamongo, yupo. Ikihamia kwingine, naye kahama. Mwaka jana mwamba ulimkumbuka kidogo, na yeye, tofauti na wengi ninaowajua, hakununua pikipiki wala hakuoa kwa fujo. Alijenga nyumba ya vyumba vinne, bati la bluu, mkabala kabisa na nguzo yetu. Nyumba ya mama yake.

Mama Waitara anakaa Isebania, upande wa Kenya, kwa binti yake, na mwisho wa mwezi huo binti alikuwa anahamia Kisumu na mumewe. Mama alikuwa ametoa neno moja tu. Macho yake yameliwa na moshi wa kibatari, kwenye nyumba ya kibatari hahamii tena. Pakiwa na taa, atakuja Turwa kwa mwanawe. Pasipo na taa, anakwenda zake Kisumu na mkwe. Na fundi mwenyewe, jina lake Ombeni, alikuwa anapita siku hiyo moja tu, kuiona nyumba kwa mara ya kwanza. Akiridhika, kazi inaanza. Asiporidhika, anaendelea na safari yake ya Musoma na hatumwoni tena mpaka Krismasi.

Waitara alikuja kijiweni amevaa shati la kanisani, siku ya Alhamisi.

Waitara: Shikamoo mzee Elkana.

Mzee Elkana: Marahaba, mura. Amefika?

Waitara: Bado. Amesema saa nne.

Mzee Elkana: Kaa basi. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana mtu anatakiwa awahi.

Huyo ndiye Mzee Elkana, mzee wa kanisa na mzee wa kijiwe, ambaye kila kijana humwita mura, kwa Kikurya. Methali zote za Kiswahili anazijua. Mahali pa kuziweka ndipo anapopotea.

Pembeni yake alikaa Ojwang, ambaye tunamwita Klirensi kwa kuwa anatoa mizigo Sirari na ulimi wake unavuka mpaka mara tatu kwa siku. Na kwenye ncha ya nguzo alikaa Ndalahwa, Msukuma, mchimbaji mwenzake Waitara. Jina lake la kijiweni ni Geita, kwa sababu hana habari isiyoanza na "kule Geita". Jumatatu iliyokuwa inakuja, yeye na Waitara walikuwa waondoke pamoja kwenda kwenye rashi mpya upande wa Serengeti. Mabegi yalikuwa tayari.

Klirensi: Hebu rudia, omera, ndugu yangu. Huyu fundi alikuambia nini kwa simu? Word kwa word.

Waitara: Alisema kabla hajaja niandae shimo la ethi. Nikamwuliza ethi ndiyo nini. Akasema kuna chuma kinazamishwa ardhini, kimefungwa waya unaotoka ndani ya nyumba, ili umeme ukipotea njia uingie chini badala ya kumwingia mtu. Akasema chimba mpaka ufike kwenye udongo wenye unyevu. Halafu niwe na chumvi kilo mbili na mkaa debe moja, vya kuweka shimoni.

Klirensi: Hapo ndipo mimi nilishtuka. Shimo. Chumvi. Mkaa. Huyo si fundi, huyo ni mganga.

Geita: Kule Geita mganga anaanza na chumvi. Siku ya pili anataka kuku mwekundu.

Waitara: Kuku hakumtaja.

Klirensi: Atamtaja akifika. Hiyo mambo haisemwi kwa simu.

Waitara: Nimemfunga mmoja nyuma ya nyumba. Tahadhari tu.

Adero alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye kidole chake mwenyewe.

Adero: Yawa! Kuku wa kuvutia umeme!

Mzee Elkana: Usicheke, Adero. Kuku wa mkata hatagi, ndiyo maana anafaa kwa kazi nyingine.

Sasa hapa inabidi niwaeleze kuhusu lile shimo, maana ndilo lililokuwa limeutoa usingizi mtaa. Fundi alisema chimba mpaka ufike kwenye unyevu. Mwezi wa nane! Turwa mwezi wa nane hata chura anaazima maji. Mtu mwingine angechimba futi mbili, akachoka, akasubiri. Lakini aliyepewa kazi ni Waitara, na msaidizi wake ni Geita, watu ambao ukiwaonyesha mahali pa kuchimba wanasahau kula. Futi tatu, udongo mkavu. Futi saba, mkavu. Futi kumi wakaanza kupiga matimba, yale magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, wakafunga kamba, wakatengeneza na ngazi. Siku ya tano wakafika futi kumi na tisa na Waitara akapanda juu ameshika tonge la udongo wa baridi, anacheka peke yake.

Geita: Sitaki kujisifu, lakini shimo la ethi lenye matimba halijawahi kuonekana nchi hii.

Klirensi: Kwa binamu yangu Migori ethi yao ni kama ya futi mbili hivi.

Geita: Kenya udongo wao una maji.

Klirensi: Ni udongo huu huu, Geita! Mpaka ulichorwa na kalamu.

Geita: Na maji yanajua kusoma kuliko wewe.

Waitara: Mzee, wewe unaonaje? Shimo litamtosha? Akisema ni fupi sitakuwa na siku ya kuongeza.

Mzee Elkana: Litamtosha. Wahenga walisema, mchimba shimo huingia mwenyewe. Yaani asitegemee kibarua. Nanyi mliingia wenyewe, kwa hiyo mna baraka.

Adero: Baraka gani? Kile kilima cha udongo kimeleta watu mpaka kutoka Nyamisangura. Jana wamekuja wawili na karai, wanauliza mwenye rashi ni nani, wamechomeka vijiti nyuma ya nyumba kugawana viwanja.

Waitara: Niliving'oa.

Adero: Na mzee wa kanisa nilimwona Jumapili na mfuko wa rambo, anachota kifusi.

Kijiwe kizima kikamgeukia Mzee Elkana. Mzee akakitazama kikombe chake.

Mzee Elkana: Udongo wa kusiliba ukuta.

Geita: Nusu kilo?

Mzee Elkana: Haba na haba hujaza kibaba.

Hiyo moja, nakiri, aliiweka mahali pake.

Saa nne ikapita. Waitara alikuwa ameshasimama na kukaa mara sita. Kila pikipiki iliyopita aliitazama mpaka ikaisha. Mimi namjua tangu anaendesha baiskeli ya kuazima, na nawaambieni, mtu huyu huingia futi mia chini ya ardhi na tochi mbovu huku anapiga mluzi. Siku ile aliinua kikombe kitupu akakinywa, mara mbili.

Na kijiwe chetu kikimwona mtu ana hofu, humsaidia kwa kumwongezea.

Geita: Mimi kuna jambo moja tu naliwaza. Umeme na dhahabu ni ndugu.

Klirensi: Tangu lini?

Geita: Tangu uumbaji. Vyote vinakaa kwenye mshipa, vyote vinaua. Sasa umeme ukiingia chini kupitia ethi, unaipasha moto dhahabu. Inayeyuka. Inapanda na waya polepole mpaka kwenye mita. Mbona mita hupigwa sili?

Hilo la sili lilituingia, siwafichi.

Klirensi: Mimi nitawaambia kitu nimeona kwa macho. Kuna kabisibisi fulani ka fundi umeme, kana taa ndani. Anagusa hapa, taa inawaka. Anagusa pale, inazima. Mnajua ile ni nini?

Waitara: Ni testa. Anapima kama kuna umeme.

Klirensi: Ndiyo wanavyosema! Ile inapima gold. Sirari zinapita katoni kwa katoni, kwenye karatasi imeandikwa vifaa vya umeme. Huyu Ombeni wako hakuulizia nyumba, aliulizia shimo. Ataingia na kabisibisi kake mpaka chini, atapanda anakunja uso, atasema hapa hapafai, fukieni. Wiki ijayo utamwona na koleo.

Waitara: Akitaka dhahabu aichukue. Mimi nataka taa.

Aliisema polepole sana, na Klirensi akaona haya kidogo. Lakini Mzee Elkana hajawahi kuona haya, na zamu ilikuwa yake.

Mzee Elkana: Ninyi mnazungumzia dhahabu. Mimi namfikiria mama yake.

Waitara: Mama amefanya nini?

Mzee Elkana: Fikiri, mura. Umeme umepotea njia, umeingia kwenye ethi. Shimo la futi mbili, umeme unafika, unakuta udongo, unakufa. Lakini huku umeuchimbia futi kumi na tisa. Umepata nafasi. Hautakufa, utatembea. Na ardhi yetu hii huko chini inateremkia wapi?

Geita: Sirari.

Mzee Elkana: Sirari! Unavuka mpaka chini kwa chini bila pasipoti, unatokea Isebania. Na damu ni nzito kuliko maji, na umeme hufuata kizito. Unamtafuta mama yake palepale jikoni, ameshika sufuria.

Waitara: Mzee!

Mzee Elkana: Sisemi itatokea. Nasema wahenga hawakuwa wajinga.

Msicheke. Waitara alikuwa ametoa simu mfukoni ampigie mama yake, amwambie asishike sufuria. Adero ndiye aliyeushika mkono wake.

Adero: Shemeji, rudisha hiyo simu. Na wewe mzee, nikikuongezea kahawa leo uniite mjinga. Mtamwua mtoto wa watu kwa hofu!

Ndipo pikipiki ikasimama.

Akashuka mtu mfupi, mkoba begani, futi ya kupimia imening'inia kiunoni. Alimwona Mzee Elkana, akainama kidogo.

Ombeni: Shikamoo mzee. Hamjambo wote? Namtafuta Waitara.

Tulisimama wote, hata sisi ambao hatukutafutwa. Waitara akampa mkono, akampa kahawa, akampokonya mkoba akaubeba mwenyewe. Tukavuka barabara nyuma yao. Niliacha tairi la mtu ndani ya beseni.

Ombeni aliizunguka nyumba nzima. Aligonga ukuta, akatazama dari, akapima kutoka nguzo ya laini mpaka kwenye paa. Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali. Waitara akaanza kupumua. Kisha tukafika nyuma, na Ombeni akakiona kile kilima cha kifusi, na pembeni yake ule mdomo wa duara, na matimba yametokeza, na ngazi, na kamba.

Alisogea taratibu. Akachungulia. Akarudi nyuma hatua mbili.

Ombeni: Hiki ni choo?

Waitara: Ni la ethi.

Ombeni: Shimo la...

Waitara: La ethi. Futi kumi na tisa. Kama ni fupi niambie, mwenzangu huyu yupo, tunaweza kuingia sasa hivi.

Geita alikuwa ameshaanza kuvua shati.

Ombeni akakaa chini, juu ya kifusi. Tulidhani amekasirika. Mabega yalikuwa yanatikisika, na ilichukua muda kujua kwamba anacheka, kicheko cha mtu anayejaribu kuwa na heshima kwa wenyeji wake. Akafuta machozi kwa kiganja.

Ombeni: Kaka, mimi nahitaji shimo la goti.

Waitara: Ulisema mpaka kwenye unyevu.

Ombeni: Nilisema.

Waitara: Unyevu ulikuwa huko chini.

Ombeni: Sasa, kaka zangu... kwa nini hamkumwaga ndoo ya maji?

Nimekaa kijiweni miaka mingi. Nimesikia watu wakimjibu askari, wakimjibu mchungaji, wakijibu maswali ambayo hata hayajaulizwa. Siku ile tulitazamana. Mzee Elkana alifungua mdomo mara mbili kutafuta methali, akaufunga. Geita akavaa shati. Kuku mwekundu ndiye pekee aliyetoa sauti, na Ombeni akamtazama alivyofungwa, akaamua kutouliza.

Waitara: Umekataa nyumba?

Ombeni: Nani kasema nimekataa? Nyumba ni nzuri, kuta zimenyooka, shimo liko mbali na msingi. Hili lifukieni, mtu asije akatumbukia. Mimi chuma changu nitakizamisha kule kwenye kona ya jiko. Twende tukakae, nichore.

Waitara alicheka. Alimkumbatia Geita, akamkumbatia na Klirensi, ambaye dakika chache nyuma alikuwa anamwita fundi mwizi. Tukavuka barabara tumekuwa watu wa maana. Kila mmoja wetu alikuwa na hakika kwamba nyumba imekubaliwa kwa msaada wake.

Ombeni alikaa katikati ya nguzo, akatoa daftari na kalamu ya risasi, akachora vyumba vinne. Waitara alimsimamia begani.

Ombeni: Hapa sebule. Taa moja katikati, soketi mbili. Hapa?

Waitara: Wageni. Wajukuu wa mama wakija likizo.

Ombeni: Hapa?

Waitara: Stoo.

Ombeni: Na hiki kikubwa, cha mama. Kitanda kinakaa wapi?

Waitara: Kichwa dirishani. Nimeshakinunua, cha mninga.

Ombeni: Vizuri. Sasa, mtu mzima akiamka usiku hatakiwi kutembea gizani anapapasa ukuta. Swichi ya pili nitaiweka kitandani, mkono unapofika. Analala upande gani? Wa ukutani au wa mlangoni?

Aliuliza huku anachonga kalamu, kama anavyouliza bei ya ndizi. Hakujua amegusa nini.

Waitara: Analala...

Akaligeuza daftari, akaligeuza tena.

Waitara: Kwa kawaida analala...

Geita: Kule Geita wazee...

Mara ya kwanza tangu nimfahamu, Geita hakuwa na la kule Geita.

Mzee Elkana: Wazee hulalia ubavu wa kulia. Ni kwa ajili ya moyo.

Ombeni: Sikuulizia ubavu, mzee. Upande wa kitanda.

Waitara alikaa kwenye nguzo. Lile shati la kanisani lilikuwa na vumbi la kifusi mgongoni na hakuna aliyempangusa.

Waitara: Sijui.

Ombeni: Si vibaya. Tutaweka tu ka...

Waitara: Sijui, fundi. Mwamba ukiwa umelala ardhini nakwambia umeinamia wapi, bila kuuona. Nimechimba futi kumi na tisa kwa ajili ya mama, na sijui analala vipi. Miaka kumi na tatu nafika Krismasi, nafika msibani, nakunywa chai, naondoka.

Nilisikia uchungu, nasema kweli. Nikajaribu kumkumbuka wa kwangu, ambaye nilimzika mwaka wa nne sasa. Namkumbuka jembe lake, namkumbuka alivyokohoa. Upande wa kitanda sijui, na wa kumwuliza sina. Nikamwambia Waitara kwa ukali kuliko nilivyotaka: wako yupo, ana simu, mpigie.

Akapiga. Dada yake akapokea, akampelekea mama. Simu ya Waitara ina sauti ya kuita ng'ombe, hakuna aliyelazimika kutega sikio.

Mama Waitara: Mura! Nani amekufa?

Waitara: Hakuna aliyekufa, mama. Shikamoo.

Mama Waitara: Marahaba. Unaumwa?

Waitara: Siumwi. Fundi amefika. Nyumba ameikubali.

Mama Waitara: Mungu asifiwe. Sasa unalia nini?

Waitara: Silii. Mama, ukilala, unalala upande gani wa kitanda?

Lori likapita mahali fulani karibu na mama, tukalisikia.

Mama Waitara: Umelewa, saa tano asubuhi?

Klirensi akacheka kwa pua. Adero akampiga na kitambaa.

Waitara: Sijalewa. Fundi anataka kuweka swichi mkono wako unapofika.

Mama Waitara: Ahaa. Huyo fundi ana akili. Mwambie ukutani. Siku zote nalala ukutani. Upande wa mlangoni ulikuwa wako ulipokuwa mdogo, ulikuwa unaamka sana kwenda kukojoa. Ulipoondoka sikuhama.

Ombeni aliandika "ukutani" kwenye daftari. Aliandika taratibu, herufi kubwa, bila kuinua macho. Mzee Elkana alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Waitara: Nimesikia, mama.

Mama Waitara: Na wewe je?

Waitara: Mimi nini?

Mama Waitara: Kwenye hiyo nyumba. Kitanda chako kiko wapi?

Nikaitazama ile karatasi, na wenzangu wote wakaitazama. Vyumba vinne. Sebule, wageni, mama, stoo. Siku zote hizo Waitara alikuwa analala kwenye godoro humo stoo, katikati ya makoleo na sururu, na sisi tulikuwa tunaliona kuwa jambo la kawaida, maana mchimbaji hana kitanda, ana mahali pa kuangukia.

Mama Waitara: Mura? Nimesema nataka taa. Lakini taa ya kumwangalia nani? Ukuta?

Waitara alikuwa anapumua tu kwenye simu, na mama alikuwa anamsikia anavyopumua, na hakuna aliyekata.

Kisha akaweka kidole chenye vumbi juu ya karatasi ya fundi, kwenye kile kisanduku cha nne.

Waitara: Futa stoo.

Ombeni: Niandike nini?

Waitara: Andika Waitara. Kitanda kikae karibu na ukuta wa mama, nikigongewa nisikie.

Ombeni akageuza kalamu, akafuta, akapuliza ule unga wa raba, akaandika. Kule kwenye simu mama alikuwa ameanza kumpigia kelele binti yake kwa Kikurya, na kicheko kilikuwa kimechanganyika humo ndani.

Geita alikuwa anachora vumbini kwa kidole cha mguu. Alijua safari ya rashi ya Jumatatu sasa ni yake peke yake. Alimsogezea Adero kikombe ajaziwe, na Adero akaliinamisha birika mpaka mwisho, likatoa machicha matupu.